Heshima ya Kiti: Uzee, Mwendo na Afya katika Historia

Katika sherehe za kumuaga mwalimu anayestaafu tumezoea kuona zawadi za namna nyingi: saa ya ukutani, blanketi, pengine mbuzi, na aghalabu, miongoni mwa zawadi hizo, hutokea kiti kikubwa cha kuegemea. Msemaji wa siku hiyo humwambia mzee kwa bashasha kwamba amesimama mbele ya ubao kwa miaka thelathini na zaidi, na sasa wakati umewadia wa kuketi. Watu hupiga makofi. Hakuna anayedhani kuwa ndani ya maneno hayo ya upendo pana hatari. Nasi pia, hatuna budi kukiri, tumepiga makofi hayo mara nyingi.

Insha hii yakusudia kuuchunguza ushauri huo kwa njia ya historia. Je, ni kweli kwamba mwili wa mzee huhifadhika kwa kukaa? Waganga na wataalamu wa zama mbalimbali wamelijibu swali hili. Ingawa majibu yao yametengana kwa karne nyingi, na yametolewa katika nchi zilizo mbalimbali, yanakaribiana mno. Isitoshe, lugha yetu yenyewe imehifadhi sehemu ya jibu. Kwa kuwa sisi ni walimu wa lugha, yafaa tuanzie hapo.

Ushahidi wa maneno

Neno kustaafu tumelipata katika Kiarabu, na asili yake ni kuomba kuachiliwa, yaani kuomba kusamehewa kazi. Neno afya nalo limetoka katika mzizi huohuo wa Kiarabu, ambao kwetu umezaa pia kitenzi cha zamani kuafu, yaani kusamehe au kuokoa. Mwenye afya ni mtu aliyeepushwa na madhara. Aliyestaafu ni mtu aliyeepushwa na kazi. Maneno haya mawili ni ndugu. Lakini ndugu si lazima wakae nyumba moja, na historia tutakayoieleza yaonyesha kwamba mara nyingi aliyestaafu vibaya huipoteza afya.

Tutazame tena neno riadha. Wanafunzi wetu wanalijua kwa maana ya mbio na michezo ya uwanjani, na wengi hudhani ni jambo la vijana tu. Katika Kiarabu asili yake ni kumfundisha mnyama, hasa farasi, mpaka atii. Riadha basi ni kuufundisha mwili. Neno letu la Kibantu mazoezi lasema jambo lilelile kwa njia nyingine, maana latokana na kuzoea. Zoezi tunaloandika ubaoni kila siku na mazoezi ya viungo ni neno moja: kulirudia jambo mpaka liwe tabia. Katika maneno haya yote mawili hamna umri uliotajwa.

Waganga wa kale

Ushauri wa kale kuhusu mazoezi ya wazee uliotufikia kwa ufafanuzi mkubwa ni wa Galen, mganga Myunani aliyezaliwa Pergamum, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, yapata mwaka 129. Katika kitabu chake cha kuhifadhi afya alieleza habari za wazee wawili aliowajua. Wa kwanza ni tabibu Antiochus, aliyekuwa amepita umri wa miaka 80. Mzee huyo alitembea kwa miguu kila siku kutoka nyumbani kwake hadi kwenye uwanja wa mji, mwendo wa karibu nusu kilomita, na njiani aliwatazama wagonjwa waliokuwa karibu. Alipolazimika kwenda mbali zaidi ndipo alipochukuliwa kwa kiti au kwa gari la kukokotwa.

Mzee wa pili atatupendeza zaidi sisi walimu, kwa sababu alikuwa mwalimu wa sarufi. Jina lake Telephus, naye aliishi karibu miaka 100. Galen anasimulia jinsi alivyopanga siku zake za kuoga kwa majira, jinsi alivyokandwa kwa mafuta katika siku nyingine, na uji wake wenye asali. Tunachojifunza kwa wazee hawa wawili si mafuta wala asali, bali utaratibu. Kila mmoja alikuwa na kipimo chake, na alikifuata siku zote bila kuzidisha wala kuacha.

Elimu hii ya Wayunani ilihifadhiwa na kuendelezwa na waganga walioandika kwa Kiarabu. Mkubwa wao ni Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, ambaye kitabu chake cha Qanun kilisomwa kwa karne nyingi katika nchi za Kiislamu na pia katika vyuo vya Ulaya. Yeye alieleza riadha kuwa ni mwendo wa hiari unaomlazimisha mtu kuvuta pumzi kwa nguvu na kwa mfululizo. Maelezo hayo hayajachakaa hata leo. Kisha aliwatengea wazee sehemu yao: wakandwe kwa kiasi, watembee, na kila mmoja apewe mazoezi yanayolingana na hali ya mwili wake. Kiungo kilicho dhaifu kisilazimishwe, lakini udhaifu wa kiungo kimoja usiwe sababu ya kuvilaza vyote.

Athari za elimu hiyo zilifika hadi pwani ya Afrika Mashariki. Hata katika karne ya 20 Waswahili wengi wa mijini waliueleza mwili kwa tabia nne, yaani hari, baridi, yabisi na rutuba, na uzee waliuhusisha na baridi na ukavu. Mzee anapotoka asubuhi kuota jua na kunyoosha viungo, huenda anafuata kanuni ambayo babu zake waliipata katika vitabu hivyo, hata kama hakuvisoma.

Karne ya kitanda

Tunaweza kuuliza: ikiwa ushauri huu ni wa kale kiasi hiki, ulipoteaje? Sehemu ya jibu iko Ulaya. Katika karne ya 19 viwanda viliongezeka, na watu wazima wasioweza kufuata kasi ya mashine walionekana kuwa mzigo. Mwaka 1889 Ujerumani ilitunga sheria ya malipo ya uzeeni kwa wafanyakazi waliofikisha miaka 70. Uingereza ikafuata kwa sheria ya mwaka 1908, nayo kwa umri huohuo. Hapana shaka kwamba sheria hizo ziliwaokoa wengi katika dhiki, wala hatuna nia ya kuzilaumu. Lakini pamoja na hayo uzee ulianza kuhesabiwa kwa tarehe. Mtu aliyekuwa mfanyakazi jana, leo akawa mzee. Utaratibu wa namna hiyo ndio tulioufuata sisi pia. Katika Kenya, Uganda na Tanzania watumishi wa serikali kwa kawaida hustaafu kwa lazima wanapotimiza miaka 60.

Wakati huohuo kitanda kilikuwa dawa kubwa ya hospitali. Hata katikati ya karne ya 20 mgonjwa wa moyo aliweza kuamriwa alale kwa muda wa wiki sita. Wazee maskini wa Uingereza waliokosa wa kuwatunza walipelekwa katika nyumba za maskini, na huko wengi wao walilazwa vitandani kwa miaka mingi. Hawakutibiwa kwa kuwa ilidhaniwa kwamba ugonjwa wao ni uzee, na uzee hauna dawa.

Mwaka 1935 daktari mmoja mwanamke, Marjory Warren, alipewa dhamana ya wodi za namna hiyo zilipounganishwa na hospitali ya West Middlesex, karibu na London. Zilikuwa na vitanda 714. Yeye alifanya jambo lililokuwa jepesi kulieleza lakini gumu kulitenda: alimpima kila mgonjwa mmoja mmoja. Akakuta kwamba wengi hawakuwa wamelazwa kwa sababu hawawezi kutembea; walikuwa hawawezi kutembea kwa sababu wamelazwa. Misuli ilikuwa imesinyaa, magoti yamekakamaa, na ngozi imetoka vidonda vya kulalia. Aliamuru wainuliwe, wafundishwe tena kukaa, kusimama na kupiga hatua. Wodi zikaongezwa mwanga na kupakwa rangi nyepesi. Wengi waliodhaniwa kuwa wanangoja kufa waliweza kujihudumia tena, na baadhi yao wakarudi makwao. Kwa kazi hiyo Warren, aliyefariki mwaka 1960, anahesabiwa miongoni mwa waasisi wa tiba ya wazee.

Mwaka 1947 daktari mwenzake wa Uingereza, Richard Asher, aliandika makala mashuhuri juu ya hatari za kulala kitandani. Alikipitia kiungo kimoja baada ya kingine: mapafu, mishipa ya damu, ngozi, misuli, mifupa, figo, matumbo, na mwisho akili yenyewe, akionyesha jinsi kila kimoja kinavyoharibika kwa kulala mno. Kitanda, kilichokuwa dawa, kikaanza kutazamwa kama sumu inayohitaji kipimo.

Makondakta wa London

Hadi hapo ushahidi ulikuwa wa waganga walioona wagonjwa wao. Ushahidi wa hesabu ulikuja kutoka mahali ambapo hapakutazamiwa, yaani katika mabasi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, daktari Jeremy Morris na wenzake walichunguza wafanyakazi wanaume wapatao 31,000 wa usafiri wa London, wenye umri wa miaka 35 hadi 64. Mabasi yenyewe yalikuwa ya ghorofa mbili. Dereva alikaa kitini karibu siku nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi kukata tikiti, akikanyaga vidato 500 hadi 750 kwa siku ya kazi. Watu hawa walitoka katika tabaka moja na walifanya kazi katika chombo kimoja. Taarifa iliyotolewa mwaka 1953 ilionyesha kwamba makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na walipopatwa, walikufa ghafla kwa uchache zaidi.

Jambo la kusifiwa katika kazi ya Morris ni kwamba alijipinga mwenyewe. Mwaka 1956 yeye na wenzake walitoa uchunguzi wa sare za wafanyakazi hao, nao ukaonyesha kwamba suruali za madereva zilikuwa na viuno vipana zaidi tangu walipoajiriwa. Huenda basi watu wanene ndio waliochagua usukani? Kwa sababu ya shaka hiyo aliendelea na utafiti, na mwaka 1973 akatoa taarifa juu ya watumishi wa serikali ambao wote walifanya kazi ya kukaa. Humo pia, waliofanya mazoezi ya nguvu katika saa zao za mapumziko walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache. Jambo hili latuhusu sisi tunaosahihisha madaftari hadi usiku: asiyepewa mwendo na kazi yake, aweza kuutafuta mwenyewe. Morris alifariki mwaka 2009, akiwa amekaribia kutimiza miaka 100.

Bibi wa Kihadzabe

Watu wa Morris, hata hivyo, hawakuwa wazee. Walikuwa watu wa makamo. Ushahidi wa uzee wenyewe twaweza kuupata karibu nasi, kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, kwa Wahadzabe, ambao baadhi yao wangali wakiishi kwa kuwinda na kukusanya chakula cha porini. Mwaka 1989 wataalamu wa elimu ya jamii Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walitoa makala juu ya kazi za wanawake wa huko. Waliona kwamba bibi waliopita umri wa kuzaa hawakubaki kambini kungoja kulishwa. Walitumia muda mwingi kuliko wanawake vijana katika kutafuta chakula, na hasa katika kuchimba mizizi kwa vijiti kwenye ardhi ngumu. Chakula chao kilisaidia kuwalisha wajukuu wakati mama alipokuwa na mtoto mchanga.

Uchunguzi uliotolewa mwaka 2017 ulipima mapigo ya moyo ya Wahadzabe, ukaona kwamba kila siku hupata zaidi ya saa mbili za mwendo wa kutosha kuuharakisha moyo, na dalili za maradhi ya moyo kwao ni haba. Tusije tukalipamba jambo hili. Maisha ya porini yana njaa, ajali na magonjwa, na wengi hawafiki uzeeni. Lakini hoja moja yasimama: bibi yule anaheshimiwa kwa kile anachokichimba. Kwake, heshima na mwendo havikutenganishwa.

Miguu ya miaka tisini

Palibaki swali moja gumu. Tuseme mzee ameshakaa miaka kumi kitini na nguvu zimekwisha. Je, aweza kurudi? Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake walitoa jibu kutoka Boston, Marekani. Katika nyumba ya kutunzia wazee walichukua watu 10 wenye umri wa miaka 86 hadi 96, dhaifu na wenye maradhi mengi, wakawafundisha kuinua vyuma kwa miguu mara tatu kwa juma. Tisa kati yao waliyamaliza majuma 8. Nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, yaani zikawa karibu mara tatu ya zilivyokuwa. Wawili waliacha mikongojo yao. Walipoacha mazoezi kwa majuma manne tu, karibu theluthi ya nguvu hizo ilipotea. Hapo maana ya neno letu mazoezi yajidhihirisha: faida imo katika kuzoea, na anayeacha hurudi nyuma.

Majaribio makubwa zaidi yamefuata. Mwaka 2014 ilitolewa taarifa ya wazee 1,635 wa Marekani wenye umri wa miaka 70 hadi 89. Kundi moja lilifuata mazoezi ya utaratibu, hasa kutembea. Kundi la pili lilipewa mafundisho ya afya kwa maneno. Baada ya wastani wa miaka miwili na nusu hivi, waliofikia kushindwa kutembea mita 400 walikuwa asilimia 30.1 katika kundi la kwanza na asilimia 35.5 katika la pili. Tofauti hiyo si muujiza. Mazoezi hayafuti uzee wala hayazuii kifo. Lakini kwa mtu ambaye mita 400 ndizo zinazomfikisha kisimani, sokoni, msikitini au kanisani, tofauti hiyo ndiyo mpaka kati ya kujitegemea na kutegemea wengine. Na tukumbuke kwamba kundi lililopewa maneno matupu ndilo lililoachwa nyuma. Sisi walimu tusilisahau hilo.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliwashauri watu wa miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa juma, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya kuulinda mwili usianguke, kadiri ya uwezo wa kila mmoja. Hilo la kadiri ya uwezo Ibn Sina angelitambua mara moja.

Tuwaheshimu vipi?

Hapa mtu aweza kutupinga, naye ana haki. Atasema: wazee wetu wengi hawateswi na kiti, wanateswa na ndoo, kuni na jembe. Bibi wa miaka 75 anayelea wajukuu yatima na kulima peke yake hahitaji kuhubiriwa mazoezi. Twakubali kabisa. Galen na Ibn Sina wote walisisitiza kiasi, na kazi ya dhiki isiyo na chakula cha kutosha wala mapumziko si riadha. Makala kama hii isifanywe kisingizio cha kuwaachia wazee mizigo ambayo vijana wangepaswa kuibeba. Aidha mwenye maradhi ya moyo au ya viungo na amwone mganga kwanza.

Lakini kuna kosa la upande wa pili, nalo hutendwa kwa nia njema. Mila zetu zatufundisha kumpokea mzee mzigo tunapokutana naye njiani. Ni mila nzuri, na isife. Ila baada ya kuupokea mzigo, wengi wetu tumeendelea kumpokea kila kitu: fagio, bustani, safari ya sokoni, hata hatua chache za kufuata maji ya kunywa. Tumemketisha, tukamwita mtoto amtumikie, tukaondoka tukiwa na hakika kwamba tumetimiza wajibu. Miezi ikipita, mzee anaposhindwa kuinuka, twasema umri umemwelemea. Wodi za Warren zinatuambia tuulize tena: ni umri, au ni kiti?

Wahenga walisema kwamba mtembea bure si sawa na mkaa bure. Tunalifundisha neno hilo darasani kwa maana ya bidii na riziki. Yafaa sasa tulifundishe pia kwa maana yake ya wazi kabisa, maana miguu ya mzee inalithibitisha. Tumpokee mzee mzigo, lakini tutembee naye hadi nyumbani badala ya kumtafutia baiskeli ya kumbeba. Tumwachie bustani yake ndogo. Tumwalike mwalimu mstaafu arudi shuleni mara moja kwa juma awasimulie wanafunzi hadithi, na aje kwa miguu ikiwa njia inamruhusu. Na siku tutakapomuaga mwenzetu mwingine, kiti na kitolewe, kwa kuwa amechoka na anastahili; ila kando yake tuweke jozi ya viatu vya kutembelea, na mmoja wetu amwahidi mbele ya watu kwamba kila Jumamosi asubuhi atampitia.